Uso Hauna Spea: Ratiba ya Ngozi kwa Msee wa Kakamega Asiyetaka Kuzeeka Kabla ya Saa

Hii lazima umeiona. Mabeshte wawili waliomaliza fomu foo mwaka mmoja wanapatana Jumapili nje ya Bukhungu wakienda gemu. Mmoja anashinda kwa ofisi, mwingine amekaa stage ya boda miaka minane. Wote wana miaka 27. Lakini ukiambiwa ubahatishe, huyu wa boda utampa 38 na pengine umuamkie kwa heshima. Si eti ana stress kumshinda mwenzake. Noma yake iko juu ya kichwa, huchomoza kila siku asubuhi, na haijawahi kuchukua off.

Wengi wetu tukianza kuona hizo alama kwa kioo, madoa kwa mashavu na mistari karibu na macho, tunakimbilia kale kamkebe ka krimu kasicho na jina ambako beshte ameapa kanafanya kazi kwa wiki moja. Hapo ndipo mambo huharibika. Hebu tuelezane polepole ni nini huzeesha uso, na vile unaweza kupunguza hiyo spidi bila kuuza simu.

Kwa nini uso unazeeka?

Kuna kuzeeka kwa aina mbili. Ya kwanza ni umri wenyewe. Ndani ya ngozi kuna protini inaitwa kolajeni, ambayo kazi yake ni kama mbao za nyumba: inashikilia ngozi ikae tight. Ukishavuka miaka ya ishirini, mwili unaanza kuipoteza pole pole, karibu asilimia 1 kila mwaka. Hii huwezi kuihonga.

Ya pili ni ile inaletwa na vitu vya nje: jua, sigara, moshi, kukosa usingizi. Na kati ya zote, jua ndio mkubwa wao. Jua linatutumia miale ya aina mbili ambayo inatuhusu. UVB ndio inachoma ngozi juu juu. UVA inaingia chini kabisa, inavunja kolajeni taratibu bila wewe kuhisi chochote. Tena inapita kwa mawingu na kwa kioo cha gari.

Unataka ushahidi? Mwaka 2012 jarida la madaktari la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani mwenye miaka 69, aliyeendesha miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa wa mzee wa kawaida. Upande wa kushoto, uliokuwa unakaa dirishani, ulikuwa umekunjamana kama shati limetoka kwa beseni. Uso ni mmoja, umri ni mmoja, tofauti ni dirisha tu. Sisi huku usukani uko kulia, kwa hivyo dereva wa matatu ya Kisumu au trela ya Webuye ajue ni shavu la kulia ndilo linaumia.

Jua la Kakamega linadanganya

Msee wa Mombasa akitoka nje anahisi jua linamgonga. Sisi tuko na hewa ya baridi kiasi, msitu uko hapo karibu, na mvua ikifika saa tisa tunasema leo hakukuwa na jua. Huo ni uongo tunajiambia.

Kakamega iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mstari wa ikweta uko chini tu hapo Maseno. Kila ukipanda mita 1,000, nguvu ya hiyo miale inaongezeka kwa karibu asilimia 10, kwa sababu hewa ya kuichuja inapungua. Kwa hivyo baridi ya hewa haina uhusiano na miale. Na ile mvua yetu huja mchana au jioni. Asubuhi hadi saa saba kumekuwa kweupe, na hapo ndio umekuwa Lurambi ukingoja kastoma, au umekaa nje ya MMUST ukipiga stori kati ya lekcha mbili.

"Lakini ngozi nyeusi haizeeki"

Hii ni kweli nusu. Melanini, ile rangi yetu, inatukinga. Watafiti walikadiria kwamba ngozi nyeusi yenyewe inatoa kinga ya kama SPF 13 hivi, na ya mzungu 3 hivi. Ndiyo maana mikunjo yetu huchelewa kuliko yao.

Lakini sisi huzeeka kwa njia nyingine. Badala ya mikunjo, tunapata madoa, uso kuwa rangi mbili, paji jeusi kuliko mashavu, na chini ya macho kulegea. Kila chunusi unayominya inaacha alama, na jua linaifanya hiyo alama ikae miezi. Kwa hivyo msee mweusi akiongelea kuonekana mzee, mara nyingi anaongelea madoa, na dawa ya kwanza ya madoa ni kuyazuia yasichomwe na jua tena.

Asubuhi: hatua tatu, dakika tano

Moja, osha uso. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya uso. Ile sabuni ya kipande ya kufulia iachie nguo. Inaondoa mafuta yote ya ngozi, na ukisikia uso umekaza kama ngoma ya isukuti, ujue umeukausha. Ngozi kavu inaonyesha kila mstari.

Mbili, paka mafuta ukiwa bado na unyevu kidogo. Si lazima yawe ya bei. Losheni yenye gliserini inafanya kazi poa. Kama ngozi yako ni ya mafuta, chukua iliyo nyepesi. Kama ni kavu, hata jeli ya kawaida ile ya nyumbani inafunga maji yasitoke, ila upake kidogo usije uking'aa kama sambusa.

Tatu, losheni ya kukinga jua. Hii ndiyo hatua ambayo ukiiruka, zingine zote ni kujifurahisha tu. Tafuta iliyoandikwa SPF 30 kwenda juu na "broad spectrum", maana yake inazuia UVA na UVB pamoja. SPF 30 inazuia karibu asilimia 97 ya UVB, na SPF 50 karibu 98, kwa hivyo usijikamue doh kwa sababu ya namba kubwa. Kitu cha maana ni kupaka ya kutosha: chora mistari miwili juu ya vidole viwili, hiyo ndiyo ya uso na shingo. Usisahau masikio. Ukiwa nje siku nzima, rudia kila masaa mawili.

Je, inasaidia kweli ama ni biashara? Kule Nambour, Australia, watafiti walifuata watu wazima 903 wenye chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu. Matokeo yalitoka mwaka 2013: waliopaka kila siku ngozi yao ilikuwa imezeeka kwa asilimia 24 chini ya waliopaka wakijisikia. Wengi wao walikuwa wazungu, kwa hivyo usihamishe hiyo namba yote ije kwako. Lakini miale ni ile ile.

Na ile noma ya kubaki na uso wa kijivu kama umemwagiwa unga? Hiyo huletwa sana na zile zenye madini ya zinki na titani. Jaribu za jeli ama zenye rangi kidogo ya kahawia. Hizi za kahawia zina faida ya ziada kwa mwenye madoa, kwa sababu zinazuia pia ile nuru ya kawaida inayoonekana, ambayo kwa ngozi yetu inaweza kuongeza weusi wa doa.

Usiku: osha, tengeneza, lala

Usiku osha uso tena. Vumbi, jasho na moshi wa bodaboda haviwezi kulala na wewe kitanda kimoja. Kisha paka mafuta. Kwa wengi wenye miaka 18 hadi 25, hapo umemaliza. Usidanganywe ununue chupa saba.

Ukivuka hapo na unataka kuongeza kitu, kitu chenye ushahidi mwingi ni familia ya vitamini A. Tretinoini ilianza kama dawa ya chunusi miaka ya 1970. Mwaka 1986 Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake wakaonyesha kwamba inarekebisha pia ngozi iliyoharibiwa na jua. Tretinoini ni dawa, daktari ndiye anakuandikia. Dada yake mpole ni retinoli, na hiyo inauzwa kwa krimu za kawaida.

Masharti yake yako hivi. Paka kiasi cha punje moja ya dengu kwa uso mzima. Anza usiku mara mbili kwa wiki. Ngozi inaweza kukauka na kubabuka mwanzoni, basi punguza kasi. Paka usiku tu, na asubuhi losheni ya jua ni lazima. Na wewe mwenye mimba ama unayepanga kupata, usiguse kabisa. Matokeo huanza kuonekana miezi mitatu hadi sita. Anayekuahidi wiki moja anakuuzia kitu kingine.

Hicho kitu kingine ndicho hiki

Soko lina krimu za "mchanganyiko", za kung'arisha na kurudisha ujana. Nyingi hufanya kazi haraka kwa sababu ndani kuna steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Wiki mbili za kwanza uko poa, watu wanakuuliza siri. Halafu bili inakuja.

Steroidi ikipakwa miezi inafanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya chapati, mishipa inaonekana, michirizi inatokea, na ukijaribu kuacha uso unawaka. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari inaweza kugeuza mashavu yawe ya bluu-nyeusi, na hiyo rangi ni ngumu sana kutoa. Zebaki inaharibu figo. Yaani msee ananunua ujana, analetewa uzee na ugonjwa juu.

Shirika la Viwango, KEBS, lilipiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki tangu miaka ya 1990, lakini bado vinapenya. Jilinde hivi: kama hakuna orodha ya vitu vilivyomo, achana nayo. Ukiona onyo kwamba usiguse na dhahabu ama fedha, hiyo ni dalili ya zebaki, kwa sababu zebaki hula hayo madini. Ikiwa na alama ya KEBS, tuma SM# na ile namba ya kibali kwenda 20023 uone kama ni ya ukweli. Na kama tayari umekuwa ukipaka ya steroidi kitambo, usiache ghafla peke yako. Enda hospitali daktari akupunguzie taratibu.

Na kama mfuko umetoboka?

Kama doh ni ya kitu kimoja tu, nunua losheni ya jua. Kama hata hiyo haipatikani wiki hii, kofia yenye ukingo mpana ni kinga. Kofia ya chapeo haifuniki masikio wala shingo. Msee wa boda, shusha kioo cha helmeti, na shati la mikono mirefu liwe rafiki yako. Mama wa soko, mwavuli ni bei moja na unakaa miaka. Kivuli cha saa nne hadi saa kumi ni bure.

Sigara punguza ama uache. Inabana mishipa ya damu inayolisha ngozi, na ile kunja-kunja ya midomo inachora mistari. Lala masaa saba. Na acha kuminya chunusi, tafadhali.

Kuna watu ambao hii stori kwao haihusu urembo. Ndugu zetu wenye ualbino hawana ile kinga ya melanini, na jua huwaletea saratani ya ngozi mapema. Serikali, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ina mpango wa kuwapa losheni ya jua bila malipo hospitalini. Kama unamjua mmoja mtaani ambaye hapati, mwambie aulizie. Na hiyo chupa yake usiiombe "kidogo tu". Ni dawa yake.

Na sisi wengine tusijidai. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani ya ngozi iliyoanzia kwa kidole cha mguu. Doa linalobadilika, mstari mweusi mpya chini ya ukucha, ama kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa si cha krimu. Ni cha daktari.

Fanya hivi: piga selfie leo asubuhi karibu na dirisha, bila filta. Fuata ratiba wiki 12, halafu piga nyingine pale pale. Usitarajie kurudi miaka 16. Unachotafuta ni uso wa rangi moja, laini, unaofanana na umri wako. Boda ikiharibika utapata spea hapo mjini kabla jioni ifike. Uso hauna spea.