Maji Yakusanyikayo Baada ya Titi Kuondolewa

Mwanamke wa kisiwa cha Rukuba aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani hana njia fupi ya kumwona daktari. Kwanza ni boti mpaka Musoma. Kisha, ikiwa anatibiwa Bugando, ni gari mpaka Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Basi uvimbe wa maji chini ya kovu, ambao kwa mtu wa mjini ni jambo dogo, kwake ni nauli na siku kadhaa za kuwa mbali na watoto.

Maji hayo hutoka wapi? Daktari aondoapo titi huitenga ngozi na msuli wa kifua, na mara nyingi huondoa tezi za kwapani pia. Hubaki nafasi tupu, na vijishipa vilivyokatwa huvujia humo kama mtumbwi uliotoboka. Si usaha, wala si dalili kwamba saratani imerudi. Majirani huwatia wagonjwa hofu bure. Lakini yakizidi huchelewesha kidonda kupona, na huweza kuahirisha dawa au mionzi inayofuata.

Njia iliyozoeleka ni kuacha mpira mwembamba ndani, umeunganishwa na chupa inayofyonza. Madaktari wengi huutoa maji yanapopungua hata kufikia mililita 30 kwa siku, yaani kama vijiko viwili vya chakula. Mpira huyatoa maji, lakini nafasi yenyewe unaiacha. Ukishatolewa, maji huweza kujaa tena, na mgonjwa hulazimika kurudi kuyafyonzwa kwa sindano.

Kwa hiyo wapasuaji wengine wakaona heri kuiondoa nafasi hiyo. Kabla ya kufunga jeraha, huishikiza ngozi na msuli kwa ndani, mshono baada ya mshono, kama fundi ashonavyo godoro ili pamba isihame. Uzi huyeyuka wenyewe baadaye. Kazi hii huongeza muda katika chumba cha upasuaji, na ngozi huweza kuonekana ina vishimo kwa kitambo. Lakini majaribio yaliyofanywa Uholanzi na kwingineko yameonyesha kuwa wachache zaidi huhitaji sindano. Haitaki mashine ya ghali: ni uzi na subira. Gundi za kushikiza ngozi nazo zimejaribiwa, ila bei yake ni kubwa. Kisu cha umeme, ambacho husaidia sana kuzuia damu, joto lake huweza kuongeza maji. Mpasuaji mwangalifu hukitumia kwa kiasi.

Az-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika katika Kitab at-Tasrif kwamba saratani ya titi ikatwe ingali ndogo. Leo twaona faida nyingine ya shauri lake: uvimbe ukiwahiwa, huenda tezi chache tu za kwapani zikaondolewa, na maji huwa machache.

Nanyi mlio nyumbani, muulizeni daktari kabla ya upasuaji kama ataishikiza ngozi, na mgonjwa ataruhusiwa lini kuinua mkono juu ya bega. Kwa kawaida hungojwa kama juma moja, huku vidole na kiwiko vikinyoshwa. Ndoo ya maji ya ziwani ichukuliwe na mume au wana. Na ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, au homa ikipanda, boti itafutwe siku hiyo hiyo.