Tuseme: Jukwaa la Watoto, Somo kwa Watu Wazima

Wengi huyatazama maigizo kama burudani tu. Hata hivyo, yapo yanayobuniwa si kwa kutafuta faida, bali kumpa mtoto nafasi ya kusema asiloweza kulisema mbele ya wakubwa. Mfano ni mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, kwa ajili ya wasichana wa sekondari.

Utaratibu wake ni huu: wanafunzi huchunguza vikwazo vya masomo yao, huvijadili, kisha huvigeuza kuwa mchezo, ngoma au ngonjera. Walimu na wazazi hualikwa kutazama. Baada ya onyesho hufuata mjadala wa hatua za kuchukua. Msichana anayesumbuliwa njiani aendapo shuleni halazimiki kujitaja. Mhusika wa mchezo humsemea.

Ukumbi si lazima, iwe Kinondoni au Temeke; uwanja wa shule watosha. Linalohitajika ni mzazi kubaki baada ya makofi, kwani tatizo huanza kutatuliwa katika mjadala.