Je, Wajua? Sahani ya Kifaransa, Chakula cha Shamba

Je, wajua kwamba nyota zinazowakosesha usingizi wapishi wakubwa duniani zilianzia kwa watengeneza matairi? Mwaka 1900, ndugu wawili wa mji wa Clermont-Ferrand, André na Édouard Michelin, walichapa kitabu cha kuwaelekeza wenye magari wapi pa kupata mafuta, fundi, chakula na kitanda. Ufaransa nzima wakati huo haikuwa na magari hata 3,000. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: watu wakisafiri, matairi yanalika, na yakilika watanunua mengine. Nyota zenyewe zilianza kutolewa 1926. Mpaka leo nyota mbili zinamwambia msafiri kwamba mgahawa huo unastahili kuchepuka njia (njia tu, si vinginevyo), na tatu kwamba unastahili kufunga safari kwa ajili yake peke yake. Muuza matairi hana faida yoyote na mgahawa ulio jirani na nyumba yako. Ndiyo sababu vijiji ambavyo hata Wafaransa wengi wasingevijua vimejaa katika kitabu hicho.

Je, wajua mtu wa kwanza kushika nyota sita kwa mpigo alikuwa mwanamke aliyekulia shambani akichunga nguruwe? Eugénie Brazier alizaliwa 1895 katika eneo la Bourg-en-Bresse, akafiwa na mama akiwa bado mtoto. Mwaka 1933 alipewa nyota tatu kwa mgahawa wake wa mjini Lyon na tatu nyingine kwa mgahawa wa Col de la Luère, mlimani nje ya mji, mahali palipoanza kama kibanda cha mbao kisicho na umeme wala gesi. Ilipita miaka 65 kabla ya mpishi mwingine, Alain Ducasse, kufikia idadi hiyo.

Huko mlimani ndiko kijana Paul Bocuse alikojifunza kazi ya upishi. Somo lilianzia zizini, kwa kukamua ng'ombe, likaendelea kwa kufua na kupiga pasi nguo za mezani. Baadaye mgahawa wake wa Collonges-au-Mont-d'Or, kijiji kilicho kando ya mto Saône, ulipata nyota tatu mwaka 1965 na haukuzipoteza hadi 2020, miaka miwili baada ya yeye kufariki.

Je, wajua kuna kuku wa kienyeji anayelindwa na sheria? Kuku wa Bresse ana manyoya meupe, upanga mwekundu kichwani na miguu ya buluu, rangi zote tatu za bendera ya Ufaransa. Sheria inayolinda jina lake ni ya mwaka 1957. Kila kuku lazima atengewe angalau mita 10 za mraba za majani ya kuchakurachakura, na kama hakufugwa katika eneo la Bresse, hana haki ya kuitwa jina hilo hata awe mtamu vipi. Wafugaji wetu wanaolalamika kwamba kuku wa kisasa anauzwa sokoni kwa jina la wa kienyeji wana la kujifunza hapo.

Je, wajua kuletewa chakula sahani moja baada ya nyingine hakukuanzia Ufaransa? Zamani Wafaransa walipanga vyakula vingi mezani kwa wakati mmoja, kila mtu akajipakulia. Mtindo wa sahani kwa zamu ulitoka Urusi, na kuingia kwake Paris mwanzoni mwa karne ya 19 kunahusishwa na balozi wa Urusi, Alexander Kurakin. Kwa hiyo karamu ya mwambao, yenye pilau, mchuzi, kachumbari na ndizi vyote mbele yako, iko karibu zaidi na meza ya wafalme wa Versailles kuliko mgahawa wa kifahari wa leo.

Je, wajua baadhi ya vyakula vya Kifaransa hutoka mbali na Ufaransa? Konokono wanaoitwa wa Burgundy? Wengi hutoka Ulaya Mashariki. Mapaja ya chura? Kuwavua vyura wa mwituni kwa biashara kulipigwa marufuku Ufaransa mwaka 1980, na mengi sasa huagizwa Indonesia. Mishiri myembamba inayowekwa pembeni ya nyama huenda ilichumwa Kirinyaga, Kenya, ikasafiri kwa ndege usiku.

Lakini deni kubwa zaidi la jiko la Kifaransa lipo katika Bahari ya Hindi. Mmea wa vanila ulitolewa Mexico ukapandwa kisiwa cha Réunion, ukakua vizuri, ukatoa maua, ila haukuzaa, kwa kuwa wadudu wa kuuchavusha hawakuwapo. Wataalamu wa mimea waliumiza vichwa. Mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond, aliyepewa baadaye jina la Albius, alionyesha namna ya kuchavusha ua kwa kijiti chembamba na kidole gumba. Ni kazi ya sekunde chache. Mbinu hiyo ndiyo iliyofanya Bukini na Komoro kuwa nchi za vanila, na ndiyo itumikayo mpaka leo, Uganda nako. Albius aliachiwa huru 1848 utumwa ulipofutwa, akafa maskini mwaka 1880. Hakuna mgahawa wa Kifaransa usioijua krimu ya vanila yenye sukari iliyochomwa juu. Jina la kijana huyu ni wachache mno wanaolitaja.

Je, wajua baadhi ya migahawa maarufu ya mtindo wa Kifaransa haiko Ufaransa kabisa? The Inn at Little Washington, katika jimbo la Virginia, Marekani, ilifunguliwa 1978 ndani ya jengo lililokuwa gereji, kwenye kijiji cha watu wasiofika 200. Mpishi wake, Patrick O'Connell, alijifunza mwenyewe. Jibini huletwa na toroli lenye umbo la ng'ombe, nalo hulia kama ng'ombe. Wakati wa korona, walipotakiwa kuacha meza wazi, walizijaza sanamu zilizovishwa nguo za miaka ya 1940. Mimi nisingekula vizuri nikitazamwa hivyo.

The French Laundry ya Yountville, California, iliwahi kuwa baa, kisha nyumba ya dobi. Leo mlo wa mtu mmoja unapita dola 300 kabla ya divai.

Je, wajua kuna aliyeomba kunyang'anywa nyota? Mpishi Sébastien Bras, wa Laguiole katika nyanda za juu za Aubrac, alisema mwaka 2017 kwamba hataki tena kupika huku akiwaza mkaguzi. Toleo la 2018 likamwondoa. Toleo la mwaka uliofuata likamrudisha kwa nyota mbili, bila yeye kuomba.

Na kama safari itakupeleka vijijini Ufaransa, shika haya. Mkate na jagi la maji ya bomba havitozwi fedha ya ziada, na bei ya menyu ina malipo ya huduma tayari, hivyo bakshishi ni hiari yako. Jibini huja kabla ya kitamutamu. Mlo wa mchana mara nyingi ni nafuu kuliko wa usiku jikoni mle mle, basi nenda mchana. Weka nafasi mapema, uliza siku wanazofunga, na ufike kabla ya saa saba na nusu: saa nane ikigonga, jiko la kijijini limekwisha kuzimwa.