Kuna, Kuko na Lugha za Kubuni

Ni lugha chache zilizotenga neno la kutaja uwepo tu. Nyingi huuegemeza kwenye jambo jingine: mahali, kumiliki, kuona, au kitenzi cha "kuwa". Katika Kiswahili sanifu, "kuna" imeunganisha ku- ya mahali na -na ya kumiliki, nayo "pana" na "mna" hubainisha kama ni hapa hasa au ndani. Kwenye soko la Nyawera, Bukavu, mnunuzi wa samaki wadogo wa Ziwa Kivu huuliza, "Kuko sambaza?" Hapo -na imetoweka, mahali pamebeba maana yote, lakini sambaza zikiisha, -na hurudi: "Hakuna."

Mbunifu wa lugha naye hana budi kuchagua. Zamenhof, aliyetoa Kiesperanto mwaka 1887, alitosheka na kitenzi cha "kuwa": estas fiŝoj, kuna samaki. Neno ekzisti liliachiwa swali zito zaidi, la kama kitu kipo kabisa duniani. Ni njia nyepesi, ila ni ya Kizungu mno kwa lugha iliyokusudiwa watu wote, ambayo kongamano lake la dunia lilifika Afrika kwa mara ya kwanza Arusha, Agosti 2024.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Katika Kiklingoni cha Marc Okrand husemwa ghotI' tu'lu', yaani samaki huonwa na mtu asiyetajwa. Muuzaji anayesema samaki "wanapatikana" hayuko mbali na hapo. Kinavi, ambacho Paul Frommer alikitungia filamu ya Avatar ya 2009, hupitia uwepo ili kufikia umiliki: lu oeru payoang, kwangu kuna samaki, maana yake nina samaki. Kilojban kina zasti, kitenzi chenye nafasi ya kueleza kitu kipo kwa nani na kwa falsafa ipi.

Iliyo karibu zaidi na Nyawera ni Toki Pona ya Sonja Lang, ya mwaka 2001. Neno lake lon lilitokana na kihusishi cha mahali cha Kitokpisini cha Papua New Guinea. Kala li lon esun ni samaki wako sokoni. Ukiondoa esun, inabaki kala li lon, samaki wapo. Hata hivyo lon ni moja tu, haitengi pa, ku na mu.