Punguza Picha Kabla ya Kuipakia

Mkulima wa Korogwe anayetafuta mnunuzi wa mkonge, au seremala wa Handeni anayeuza milango, siku hizi hupiga picha kwa simu na kuipakia kwenye tovuti. Chukua picha yenye nukta milioni 12. Kila nukta huhitaji baiti 3 za rangi, hivyo picha ghafi ingefika MB 36. Mbona basi simu huihifadhi kwa MB 4 hivi?

Jibu linaanzia kwa Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyefundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 1972 aliomba fedha za kuitafiti hesabu aliyoibuni, akanyimwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1974 yeye na wenzake, T. Natarajan na K. R. Rao, waliichapisha, na mwaka 1992 ikawa msingi wa mfumo wa picha wa JPEG.

Tazama picha ya singa za mkonge zilizoanikwa juani. JPEG huigawa katika vimraba vya nukta 8 kwa 8, na hesabu hiyo hutumika kwa kila kimraba. Kimraba cha anga kina nukta 64 zinazokaribia kufanana, kwa hiyo namba moja au mbili zinatosha kukieleza. Kimraba cha singa kimejaa mistari myembamba, nacho hudai namba nyingi. Kisha tofauti ndogo ambazo jicho halizioni hutupwa. Na kwa kuwa jicho hutambua mwanga na kivuli vizuri kuliko rangi, rangi ndiyo hupunguzwa zaidi.

Hata hivyo, MB 4 ni mzigo kwa tovuti. Punguza upana wa picha kutoka nukta 4,000 hadi 1,200: nukta milioni 12 zitabaki kama milioni 1, na mara nyingi faili halitazidi KB 300. Picha kumi zilizokula MB 40 sasa zitakula MB 3. Bando la muuzaji linapona, na la mnunuzi pia, maana kila afunguaye ukurasa huzilipia picha zilezile.

Lakini itunze picha ya awali, kwa sababu kilichotupwa hakirudi. Picha za risiti na hati usizibane sana. Herufi huwahi kufifia. Nyingine zote zipunguze kwanza, ndipo upakie. Mteja wa Mombo mwenye bando dogo naye ana haki ya kuiona bidhaa yako.