Chukudu, kinga ya mti

Ukifika Goma, karibu na Ziwa Kivu, utaona kinga isiyo na mnyororo, wala pedali, wala kiti. Karibu yote ni ya mti. Jina lake ni chukudu. Haitoki kiwandani. Fundi wa kwetu anaitengeneza kwa panga, msumeno, patasi na nyundo. Tuangalie kazi yake.

Kwanza anachagua mti. Kwa mwili wa chukudu anapenda mkaratusi, kwa maana ni mgumu tena mrefu. Anautazama pande zote. Akiona ufa, anauweka kando: huo ni kuni.

Pili anachonga ubao wa chini, karibu meta 2. Hapo mzigo utalala.

Tatu anasimamisha mti wa mbele wenye panda ya kushika gurudumu. Juu yake anakaza usukani, kama pembe za ng'ombe.

Nne anachonga magurudumu mawili ya mviringo kabisa. Katikati anatia chuma chenye gololi, yapate kuzunguka vyema. Kisha anayavika mpira wa gari uliochakaa na kuupigilia misumari, ili mawe makali ya mlima wa moto Nyiragongo yasiyale.

Mwisho ni breki: kipande cha mpira karibu na gurudumu la nyuma. Mwenye chukudu anakikanyaga, nacho kinabana gurudumu.

Chukudu ikiwa tupu, mtu anaweka goti moja juu ya ubao na kusukuma chini kwa mguu wa pili. Ikijaa makabichi, makala au mbao, huweza kubeba kilo 400 na zaidi. Penye mlima watu wanaisukuma kwa jasho. Penye mteremko uzito wenyewe unaikimbiza. Basi ubao ukivunjika hapo, nani ataisimamisha? Ataumia mwenye chukudu, ataumia na mama anayepita njiani.

Kwa hiyo fundi mwema hafichi ufa kwa rangi. Mnunuzi hauoni, lakini Mungu anauona. Nanyi watoto, mkijenga, mkishona, au mkifanya hesabu, msifiche ufa. Anzeni tena.

Maswali
1. Kwa nini fundi anautazama mti pande zote?
2. Mpira una kazi gani mbili katika chukudu?
3. Wewe umewahi kuficha ufa katika kazi yako? Ulifanya nini baadaye?