Baiti 128 na Baiti Bilioni 17: Mashine za Michezo ya Video, za Kale na za Leo

Mwaka 1977 kampuni ya Atari ya Marekani ilianza kuuza mashine ya michezo ya video ambayo baadaye ilikuja kujulikana kwa jina la Atari 2600. Mwaka 2020 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa PlayStation 5. Zote mbili huunganishwa na televisheni, na zote humpa mchezaji kifaa cha mkononi cha kuongozea picha. Kufanana kwao karibu kunaishia hapo.

Kumbukumbu ya kazi, yaani sehemu ambamo mashine huweka kwa muda mambo inayoyashughulikia, ilikuwa baiti 128 tu katika Atari. Baiti moja yatosha kuhifadhi herufi moja. Kwa hiyo hata aya hii moja isingeenea humo. PlayStation 5 ina gigabaiti 16, yaani zaidi ya baiti bilioni 17, au mara milioni 134 ya zile za Atari. Prosesa ya Atari ilikwenda kwa mapigo milioni 1.19 kwa sekunde. Ya PlayStation 5 ina viini vinane, na kila kimoja chaweza kufikia mapigo bilioni 3.5.

Tofauti hii yazusha swali ambalo mwanafunzi wa hesabu aweza kulikokotoa mwenyewe. Picha ya Atari ilikuwa na nukta 160 kwa upana na mistari 192 kwa urefu, jumla nukta 30,720. Hata kama kila nukta ingepewa biti moja tu, ya kusema inang'aa au haing'ai, zingehitajika baiti 3,840. Mashine ilikuwa na 128. Basi picha ilihifadhiwa wapi?

Haikuhifadhiwa popote. Televisheni za wakati ule zilichora kwa mwale wa elektroni uliopita juu ya kioo mstari baada ya mstari. Katika mfumo wa Marekani, mistari 262 kwa kila picha, na picha zipatazo 60 kwa sekunde. Wahandisi wa Atari waliamua kwamba programu ikimbizane na mwale huo. Kwa kila mstari prosesa ilipata mapigo 76, na kila agizo lilikula mapigo yasiyopungua mawili. Katika nafasi hiyo finyu programu ilipaswa kuieleza chipu ya kuchorea rangi na maumbo ya mstari uliofuata. Ikichelewa kidogo tu, picha iliharibika. Kuhesabu alama na kusogeza vitu kulingoja wakati mwale ulipokuwa nje ya mistari 192 inayoonekana. Ilikuwa kama kushona kanzu ilhali mwenye kuivaa anatembea.

Leo picha ya nukta 3,840 kwa 2,160, ikipewa baiti nne kwa kila nukta, huchukua baiti milioni 33 peke yake, nayo hukamilishwa kumbukumbuni kabla ya kuonyeshwa. Mtunga programu hana tena haja ya kuufuata mwale. Nguvu iliyobaki hutumika kukokotoa jinsi miale ya mwanga inavyogonga vitu na kurudi, hata kivuli cha mti kikawa kama kivuli. Gharama yake ni umeme: mashine hiyo huweza kutumia wati 200 hivi.

Kuna jambo moja ambalo mashine ya kale hailioni haya. Mchezo wake ulikaa katika kaseti ya plastiki yenye chipu ndani, mtindo ulioanza mwaka 1976 kwa mashine ya Fairchild Channel F, iliyotengenezwa na kikundi kilichoongozwa na mhandisi Jerry Lawson. Kaseti nyingi za miaka ile zingali zikifanya kazi. Mchezo wa baiti 4,096 ni mdogo kiasi kwamba, ukiandikwa kwa tarakimu mbili kwa kila baiti, hujaza kurasa chache tu za daftari.

Michezo mingi ya leo hutegemea kompyuta za kampuni zilizo mbali. The Crew, mchezo wa magari uliotolewa mwaka 2014, ulizimiwa kompyuta zake tarehe 31 Machi 2024. Tangu siku hiyo, hata aliyekuwa na diski yake halali kabatini hakuweza kuucheza.